Wilaya Moja ya Uchaguzi: Chicago ya Kusini na Wajumbe Wake

Ukitazama ramani ya nchi yo yote, ndugu msomaji, utaona mistari ya aina mbili. Iko ile iliyofuata maumbile, kama mto, mlima au pwani. Na iko ile iliyochorwa kwa kalamu na mtu aliyeketi mezani. Mistari ya maeneo ya uchaguzi ni ya aina hii ya pili. Haionekani njiani, na mtu aweza kuivuka mara kumi kwa siku akienda sokoni na kurudi asijue kwamba ameivuka. Hata hivyo ndiyo inayoamua kura yake itahesabiwa pamoja na kura za akina nani, na kwa hiyo ni nani atakayesimama bungeni kusema kwa niaba yake. Nataka kukusimulia habari za eneo moja la namna hii, lililo mbali na kwetu, katika mji wa Chicago nchini Marekani. Nimelichagua kwa sababu mistari iliyowafungia watu wake ndiyo hiyo hiyo iliyowapa sauti, na kwa sababu mtu mmoja ambaye jina lake lajulikana sana hapa Kenya aliwahi kushindwa vibaya humo.

Kwanza yakupasa kujua jinsi Wamarekani wanavyopata wajumbe wao. Bunge lao lina mabaraza mawili. Katika Seneti kila jimbo, liwe kubwa liwe dogo, lina maseneta wawili. Katika Baraza la Wawakilishi majimbo hupewa viti kwa kadiri ya wingi wa watu wake. Wajumbe wake ni 435, nao huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kila mwaka wa kumi watu wa nchi nzima huhesabiwa, viti vikagawanywa upya, kisha kila jimbo hukatwa vipande, kila kipande na mjumbe wake mmoja. Vipande hivyo nitaviita wilaya za uchaguzi. Wenye kuvikata, katika majimbo mengi, ni wanasiasa wenyewe wa baraza la jimbo. Na hapo utatambua kwamba mwenye kalamu hakosi hila.

Illinois ni jimbo lililo kando ya Ziwa Michigan, na Chicago ndio mji wake mkubwa kupita yote. Wilaya ya Kwanza ya jimbo hilo imekuwa na mizizi katika mji huo tangu miaka ya 1860, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa wazungu, nao hawatatuchelewesha. Mwaka wa kukumbuka ni 1901. Mwaka huo baraza la Illinois lilichora upya wilaya zake, na Wilaya ya Kwanza ikawekwa upande wa kusini wa mji, karibu na ziwa. Baada ya hapo wachoraji waliweka kalamu chini, wasiishike tena kwa muda wa miaka 46.

Usidhani walisahau. Chicago ilikuwa ikikua upesi mno, na wajumbe wa mashambani waliokuwa na nguvu katika baraza la jimbo walijua kwamba wakigawa wilaya kwa haki viti vingi vitakwenda mjini. Basi hesabu ya watu ikafanywa mwaka 1910, ikafanywa 1920, ikafanywa 1930 na 1940, na mistari haikuguswa. Mambo yakafika hadi wilaya moja ya Illinois ikawa na watu 112,116, na nyingine watu 914,053, kila moja na mjumbe mmoja tu. Fanya hesabu mwenyewe uone kura ya mtu wa wilaya kubwa ilikuwa na uzito gani. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu pamoja na wenzake walipeleka shauri hilo mahakamani, na mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuingia katika jambo ililoliona kuwa la siasa. Mwaka uliofuata baraza la Illinois lilichora ramani mpya. Walakini ilikuwa mpaka mwaka 1964, katika shauri lililotoka jimbo la Georgia, mahakama ile ile ilipoamua kwamba wilaya za jimbo moja hazina budi kuwa na watu wa idadi iliyo sawa kadiri iwezekanavyo.

Wakati kalamu ilipolala, watu walitembea. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na watu weusi 44,103. Mwaka 1920 walikuwa 109,458, na mwaka 1930 wakawa 233,903. Walitoka katika majimbo ya kusini, ambako babu zao walikuwa watumwa, na ambako wao wenyewe, ijapokuwa walikuwa huru kwa jina, walinyimwa kura na shule, na mara nyingine waliuawa hadharani na makundi ya watu bila mwuaji hata mmoja kuhukumiwa. Vita Kuu ya Kwanza ilizuia wahamiaji wa Ulaya, na viwanda vya chuma na vya nyama vya Chicago vikatafuta mikono. Gazeti la watu weusi liitwalo Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, liliwaita waje. Wahudumu wa magari ya moshi walilibeba wakalifikisha hadi vijiji vya mbali vya kusini, likasomwa kwa sauti na kupitishwa mkono kwa mkono.

Walipofika hawakupokewa kwa mikono miwili. Walisongwa katika ukanda mwembamba wa mitaa ya kusini mwa mji. Mwafrika wa Marekani aliyejaribu kupanga nyumba nje ya ukanda ule alionywa, na asiposikia aliweza kutupiwa bomu. Kati ya Julai 1917 na Machi 1921 mabomu 58 yalilipuliwa kwa sababu hiyo. Baadaye wenye nyumba walitumia njia ya karatasi: waliandikiana mikataba ya kutowauzia wala kuwapangisha watu weusi, na mahakama zikaitekeleza mpaka mwaka 1948. Hata majini mlikuwa na mstari. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya joto kali, kijana mweusi wa miaka 17 jina lake Eugene Williams alikuwa akielea ziwani, mawimbi yakamvusha mpaka usioonekana uliotenga pwani ya kuogelea ya weusi na ile ya wazungu. Akatupiwa mawe, akazama, akafa. Askari aliyekuwapo hakumkamata aliyelaumiwa, na ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na wazungu 15.

Sasa shika jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha habari yangu. Mipaka ya Wilaya ya Kwanza haikuchorwa kwa ajili ya watu weusi. Ilichorwa mwaka 1901 kabla hawajaja. Lakini waliposongwa mahali pamoja kwa mabomu na mikataba, wakasongwa ndani ya mistari ile ile ya zamani, nao kule kaskazini walikuwa na haki ya kupiga kura. Waliowafungia mitaani hawakukusudia kuwapa mjumbe, lakini ndivyo ilivyotokea.

Mjumbe wa wilaya hiyo tangu mwaka 1905 alikuwa mzungu, Martin Madden wa chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, ambacho watu weusi wengi walikishika kwa shukrani ya uhuru wao. Madden alikuwa mtu mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya Baraza iliyoamua matumizi ya fedha za serikali. Mwezi wa Aprili 1928 alifariki ghafula ndani ya jengo la Bunge, baada ya kuteuliwa tena na chama chake kugombea. Nafasi ikawa wazi, na wakuu wa chama wakamchagua Oscar De Priest aijaze.

De Priest alizaliwa Alabama mwaka 1871. Wazazi wake walihamia Kansas akiwa mtoto, naye akafika Chicago mwaka 1889, akafanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Mwaka 1915 alikuwa diwani mweusi wa kwanza wa mji huo. Novemba 1928 alishinda kwa kura chache, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge kutoka jimbo la kaskazini. Kabla yake kiti cho chote hakikuwa kimekaliwa na mtu mweusi tangu mwaka 1901, alipoondoka George Henry White wa North Carolina, jimbo ambalo lilikuwa limebadilisha katiba yake ili kuwaondoa watu weusi katika daftari la wapiga kura. Katika hotuba yake ya kuaga White alisema kwamba kwaheri ile ilikuwa ya kitambo tu, na kwamba watu wake wangerudi. Kitambo hicho kilikuwa miaka 28.

Ilikuwa desturi wajumbe wapya kuapishwa jimbo baada ya jimbo. Spika Nicholas Longworth, akihofu kwamba wajumbe wa kusini walioapa kwanza wangepinga De Priest asiapishwe, aliwaapisha wote kwa pamoja, na jambo likaisha. Lakini De Priest hakuachwa apumzike. Mkewe Jessie alipokaribishwa chai na mke wa Rais Hoover mwezi wa Juni 1929, mabaraza ya majimbo ya kusini yalipitisha maazimio ya kulaani kikombe kile cha chai. Mwaka 1934 karani wake na mwanawe walifukuzwa katika mkahawa wa Baraza. De Priest alikusanya sahihi 145 za wajumbe ili jambo lichunguzwe. Kamati ikaundwa, ikagawanyika kwa vyama, na mkahawa ukabaki vile vile. Mambo mawili aliyoyaweza yafaa yakumbukwe. Alipata kuingiza katika sheria ya 1933 ya kuwapa vijana kazi za misitu kifungu kilichokataza ubaguzi wa rangi. Naye ndiye aliyempendekeza kijana Benjamin Davis aingie chuo cha jeshi cha West Point, ambako wenzake walikaa miaka minne bila kusema naye ila kwa kazi. Davis akamaliza mwaka 1936, na hatimaye akawa jenerali.

Hata hivyo njaa haijui shukrani za zamani. Katika dhiki ya miaka ya 1930 De Priest alipinga misaada ya Rais Roosevelt kwa maskini, ilhali maskini ndio walikuwa wapiga kura wake. Mwaka 1934 alishindwa kwa kura elfu tatu hivi na Arthur Mitchell, mtu mweusi wa kwanza kuingia Bungeni kwa chama cha Democrat. Mitchell alilaumiwa na magazeti kwa upole wake, na kwa sehemu lawama ilistahili. Lakini Aprili 1937, akisafiri kwa gari la moshi kwenda Hot Springs na tikiti ya daraja la kwanza, alitolewa katika behewa lake mara walipoingia Arkansas, akapelekwa katika behewa duni la watu weusi. Mpole yule akashtaki, akashindwa, akakata rufaa, mwenyewe akasimama mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1941 majaji wote kwa kauli moja wakaamua kwamba haki yake ilikuwa imevunjwa. Hukumu ile haikufuta ubaguzi wa magarini, bali ilisema kwamba aliyelipa daraja la kwanza apewe daraja la kwanza. Nayo ilisaidia mashauri makubwa yaliyofuata.

Alifuatwa mwaka 1943 na William Dawson, mzaliwa wa mji wa Albany huko Georgia, askari wa Vita Kuu ya Kwanza na wakili. Nikifundisha habari zake, wanafunzi huniuliza swali moja kila mwaka: alikuwa mwema au mbaya? Dawson alidumu miaka 27, mpaka alipofariki mwaka 1970. Mwaka 1949 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Bunge. Mwaka 1951 wajumbe walipotaka kuruhusu ubaguzi urudi jeshini, alisimama akanena kwa uchungu, na hoja ile ikaanguka. Lakini zaidi ya hayo alikuwa fundi wa chama. Alikuwa na watu wake katika kila mtaa, waliompatia mjane makaa ya mawe wakati wa baridi na kijana kazi ya posta, na siku ya uchaguzi wakadai kura. Kwa huduma hiyo alimpa meya wa mji, Richard Daley, utii, na mambo makubwa ya shule mbovu na nyumba mbovu aliyasemea kwa sauti ya chini, au hakuyasemea. Mimi humjibu mwanafunzi kwamba Dawson aliwafaa watu wake mmoja mmoja, lakini wote kwa pamoja hakuwafaa vya kutosha. Sina haki ya kumcheka mjane aliyemchagua.

Jambo la ajabu ni kwamba aliyeukata utii huo alikuwa mwanafunzi wa Dawson mwenyewe. Ralph Metcalfe alikuwa mkimbiaji. Katika michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 alikuja wa pili nyuma ya Jesse Owens katika mita 100, akapata dhahabu katika mbio za kupokezana. Alikuwa diwani mtiifu wa Daley kwa miaka mingi, akachaguliwa mjumbe mwaka 1970. Mwaka 1972 polisi walimdhulumu daktari wa meno aliyekuwa rafiki yake, na Metcalfe akasema imetosha. Meya alimtafutia mpinzani mwaka 1976, akampa nguvu zote za chama. Wilaya ikamrudisha Metcalfe kwa kura nyingi. Ngome ya Dawson ikawa imebomoka. Baada yake Bennett Stewart alikaa miaka miwili, kisha akaja Harold Washington, ambaye mwaka 1983 alitoka kiti hicho kwenda kuwa meya mweusi wa kwanza wa Chicago, akafia kazini mwaka 1987. Kiti kikashikwa na Charles Hayes, kiongozi wa wafanya kazi wa viwanda vya nyama.

Hayes aliangushwa mwaka 1992 na Bobby Rush, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji ule ule wa Albany alikotoka Dawson. Katika ujana wake Rush alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha Black Panther katika Illinois. Mwaka 2000 alipingwa katika kura ya mchujo ya Democrat na mwanasheria kijana aliyekaa wilayani humo, seneta katika baraza la jimbo, mtoto wa baba aliyetoka Kogelo katika Siaya. Barack Obama alipata asilimia 30 ya kura, na Rush 61. Wenyeji walimwona kijana huyo kuwa mgeni, mlelewa wa Hawaii na msomi wa Harvard, ilhali Rush alikuwa amepita katika moto wao. Miaka minne baadaye jimbo zima la Illinois lilimchagua Obama kuwa seneta, na mwaka 2008 taifa zima likamchagua kuwa Rais. Watu wa Chicago ya Kusini walimpigia kura kwa wingi mara zote mbili, wala sioni kwamba walijipinga. Mwaka 2000 hawakuulizwa ni nani atafaa Ikulu. Waliulizwa ni nani awasemee wao.

Rush alikaa hadi Januari 2023. Katika mwaka wake wa mwisho kamili lilipita jambo ambalo wilaya hii ilikuwa imelidai tangu enzi za De Priest. Mwaka 1900 George Henry White alikuwa amepeleka Bungeni mswada wa kwanza wa kuyafanya mauaji ya makundi ya watu kuwa kosa la serikali kuu. Haukufika po pote. De Priest alipeleka wake, Mitchell alipeleka wake, na yote ilizimwa. Tarehe 29 Machi 2022 mswada wa Rush ulitiwa sahihi ukawa sheria. Uliitwa kwa jina la Emmett Till, kijana wa miaka 14 wa Chicago ya Kusini aliyeuawa Mississippi mwezi wa Agosti 1955, ambaye mama yake alitaka jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone.

Tangu mwaka 1929 wilaya hii haijakaa siku moja na mjumbe asiye mweusi ila pale kiti kilipokuwa tupu. Wamekuwa tisa, wa tisa akiwa Jonathan Jackson, mtoto wa mhubiri Jesse Jackson, aliyechaguliwa mwaka 2022. Lakini wilaya yenyewe De Priest asingeitambua. Mikataba ya nyumba ilipokosa nguvu, wenye uwezo walihama kwenda mitaa mingine na miji ya pembeni; viwanda vya nyama na chuma vikafungwa; maghorofa makubwa ya serikali yaliyojengwa kwa maskini yakavunjwa. Watu wakapungua, na kwa kuwa sheria sasa hudai kila wilaya iwe sawa na wenzake, yaani watu 750,000 hivi, mistari ikabidi iwafuate watu, au iwatafute wengine. Wilaya iliyokuwa mitaa michache kando ya ziwa sasa yashika sehemu za kaunti tatu. Yaanzia mijini kwa akina De Priest, yapita vitongoji vya kusini magharibi vyenye wazungu wengi, yafika hadi kaunti ya Kankakee, kwenye mashamba ya mahindi. Hesabu ya watu inayofuata ni ya mwaka 2030, na baada yake ramani hiyo itachorwa tena.